Kiini cha madereva kupandwa na mori barabarani

MTU mpole nyumbani na ofisini huweza kugeuka simba akishika usukani. Mnamo 1994, Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, na wenzake walitunga kipimo cha hasira za madereva chenye vichochezi sita: ishara za matusi, uvunjaji wa sheria, kuwepo kwa polisi, magari yanayojikokota, utovu wa adabu na vizuizi barabarani.

Kipimo hicho kimetumiwa katika mataifa mengi, ila uzito wa kila kichochezi hutegemea mazoea ya mahali. Chukua honi. Nchini India, malori mengi huandikwa nyuma maneno ya kumwomba anayefuata apige honi. Jimbo la Maharashtra lilipiga marufuku maandishi hayo mwaka wa 2015 kwa sababu ya kelele. Huko honi ni taarifa tu. Nchini Japani, kumpigia mwenzako honi pasipo dharura ni kumkemea hadharani. Mjerumani naye hukerwa na anayeng'ang'ania leni ya kushoto katika barabara kuu, ilhali sheria humtaka arudi kulia. Jijini Nairobi, matatu inayoruka foleni kwa kupitia kandokando mwa barabara huwatonesha kidonda waliosubiri kwa subira.

Hasira, hata hivyo, hujua kuchagua wa kumwangukia. Katika jaribio la Doob na Gross lililochapishwa 1968, gari lilisimamishwa makusudi kwenye taa ya kijani huko California. Lilipokuwa kuukuu, madereva wa nyuma walipiga honi upesi na kwa wingi. Lilipokuwa la kifahari, wengi walivumilia.

Gari pia huficha sura na sauti, hivyo hakuna nafasi ya kuomba radhi. Dereva huona kosa lake kuwa bahati mbaya, la mwenzake kuwa dharau.

Juni 2017, mwanamume mmoja nchini Japani alikemewa kwa kuegesha gari vibaya katika kituo cha mapumziko. Aliifuata familia iliyomkosoa na kulilazimisha gari lao kusimama katikati ya barabara kuu ya Tomei. Lori liliwagonga, mume na mke wakafa, binti zao wawili wakanusurika. Sheria iliyoanza kutekelezwa Juni 2020 sasa humwadhibu anayewatishia wengine kwa uendeshaji wa namna hiyo kwa kifungo cha hadi miaka mitano.