Kura na Bangi: Mvutano wa Washington na Majimbo

Siku Donald Trump alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani, Novemba 8, 2016, wapiga kura wa California, Nevada, Massachusetts na Maine waliulizwa pia kama watu wazima waruhusiwe kutumia bangi kwa starehe. Majimbo yote manne yalikubali. Uhalali wa kura na uhalali wa bangi ukawa chanzo cha mvutano mkali kati ya serikali kuu na majimbo.

Trump alishinda kwa kura 304 za wajumbe, lakini Hillary Clinton alimzidi kwa karibu kura milioni 2.9 za wananchi. Trump akadai, bila kutoa ushahidi, kuwa watu milioni 3 hadi 5 walipiga kura kinyume cha sheria. Mei 2017 aliunda tume ya uchunguzi chini ya Makamu wa Rais Mike Pence, naye Kris Kobach, msimamizi wa uchaguzi wa Kansas, akiwa makamu mwenyekiti. Mwezi uliofuata Kobach aliyaandikia majimbo akitaka taarifa za kila mpiga kura: jina, tarehe ya kuzaliwa, chama, tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na chaguzi alizoshiriki tangu 2006.

Barua hiyo iliwaudhi hata Warepublican wenzake. Delbert Hosemann, msimamizi wa uchaguzi wa Mississippi na mwanachama wa chama hicho hicho, alijibu kuwa tume ikajitose kwenye Ghuba ya Mexico. Alikuwa na msingi wa kusema hivyo, kwa kuwa uchaguzi Marekani huendeshwa na majimbo. Tume ya Uchaguzi ya serikali kuu hushughulikia fedha za kampeni, wala haina daftari la wapiga kura wala haihesabu kura. Mjumbe mmoja wa tume ya Pence, Matthew Dunlap wa Maine, alilazimika kwenda mahakamani ili aonyeshwe nyaraka za tume aliyokuwa akiitumikia. Alipozipata, alieleza kuwa hakukuwa na ushahidi wowote wa wizi mkubwa wa kura. Wakati huo tume yenyewe ilikwisha kuvunjwa, Januari 3, 2018. Tuhuma nzito namna hiyo haikupaswa kutolewa na rais bila uthibitisho, maana mwananchi asiyeiamini kura yake hana sababu ya kupanga foleni.

Kesho yake, Januari 4, Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions alifungua uwanja wa pili. Sheria ya serikali kuu ya 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kuwa sheria hiyo inamhusu hata mgonjwa anayejilimia dawa nyumbani. Kesi hiyo ilitokana na miche sita ya mgonjwa wa California, iliyoharibiwa na maofisa wa serikali kuu ingawa jimbo lake lilimruhusu. Waraka wa 2013 ulikuwa umewaelekeza waendesha mashtaka wasiyaandame majimbo yanayodhibiti biashara hiyo vizuri, mradi bangi isiuzwe kwa watoto, isivuke mipaka ya jimbo na faida isiishie kwa magenge. Sessions aliufuta.

Seneta Cory Gardner wa Colorado, Mrepublican, akazuia uteuzi wa maofisa wa Wizara ya Sheria hadi Aprili, Trump alipomhakikishia kuwa jimbo lake halitaguswa. Msako mkubwa haukutokea. Tangu 2014 Bunge lilikuwa limeizuia wizara kutumia fedha kuingilia bangi ya matibabu, tena watu wengi wanaokamatwa kwa bangi hukamatwa na polisi wa majimbo na miji, si wa serikali kuu.

Hata hivyo sheria ya 1970 ilibaki palepale. Benki nyingi ziliogopa kuwafungulia akaunti wenye maduka ya bangi, hivyo wafanyabiashara wenye leseni halali za jimbo walilipa mishahara na kodi kwa noti taslimu. Katika hesabu za kodi ya serikali kuu, hawakuruhusiwa kutoa pango wala mishahara hiyo kama gharama za biashara.