Kasem, Lugha ya Wakasena

Wakasena wanaishi pande mbili za mpaka: Navrongo na Paga kaskazini mwa Ghana, Pô na Tiébélé kusini mwa Burkina Faso. Mstari huo waliupitisha Waingereza na Wafaransa. Ndiyo maana mtoto wa Paga husoma Kiingereza na nduguye wa Pô Kifaransa, lakini wakikutana sokoni wanaelewana kwa Kasem.

Kasem ni lugha ya kundi la Gur, nayo ina ngeli. Mswahili akiichungulia ataiona kama nyumba yake mwenyewe, ila mlango uko uani: umoja na wingi huonekana mwishoni mwa neno. Mvulana ni bakada, wavulana bakadi. Mbwa mmoja kukuda, wengi kukudi. Hapo ni rahisi. Kazi ipo kwenye naga, yaani mguu. Ukiweka -i ya wingi, g inamezwa, a na i zinaungana, na kinachobaki ni nɛ, yenye e ya mdomo wazi. Mto ni buga, mito ni bwi.

Maneno ya namna hii, yaliyochambuliwa na mtafiti John Callow miaka ya 1960, yaliwafikia wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle huko Marekani, wakayajadili katika The Sound Pattern of English (1968). Naam, kitabu cha matamshi ya Kiingereza! Wanaisimu wengine wakaja kuupinga uchambuzi wao.

Vokali za Kasem nazo zina makundi mawili, kutegemea shina la ulimi limesogezwa mbele au limerudishwa nyuma, na kwa kawaida neno moja halichanganyi makundi hayo. Juu ya yote kuna toni: ukikosea kupandisha au kushusha sauti, umesema jambo jingine.

Mpangilio wa maneno unasikika hata katika vyeo. Chifu wa Navrongo ni Navro-Pio, wa Paga ni Paga-Pio: mahali kwanza, cheo baadaye.

Wageni huwajua zaidi Wakasena kwa kuta za Tiébélé, ambazo wanawake huzipamba kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Makao ya kifalme ya hapo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Lugha yao haijapata umaarufu huo. Hata hivyo, nchini Ghana Kasem ni mojawapo ya lugha za wenyeji zilizoidhinishwa na serikali kufundishwa shuleni.