Steringi aliyerudi kumzika mama

Nilikuwa nasubiri basi la Tanga pale Korogwe, jua la saa nane limekaa utosini, niliposikia mtu anatangaza msiba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Mtoto wa kiume, miaka mitano hajakanyaga kwao. Leo anarudi. Anarudi kwa sababu mama hayupo." Nikadhani ni redio. Kuchungulia, nikakuta kibanda umiza cha mabati, mabenchi matatu, watoto kumi na kitu wametulia tuli, na kwenye televisheni kijana mwenye singlendi nyeupe anatoka uwanja wa ndege.

Gemu lenyewe wengi mnalijua, na kama hamlijui, wanenu wanalijua. Ni Grand Theft Auto: San Andreas, lililotoka Oktoba 2004, kazi ya kampuni ya Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti. Katika magemu yote ya PlayStation 2, hakuna lililouzwa kulizidi. Jiji linapoanzia ni Los Santos, sura ya Los Angeles ya mwaka 1992: unaiba magari, unapiga risasi, polisi wanakukimbiza. Jalada lake linaonya kwamba si la watoto, lakini diski ya pale kibandani ilifika bila jalada.

Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua, na lililonifanya niliache basi liondoke, ni kwamba kuna mtu analitafsiri.

Ni kijana wa miaka thelathini na ushee, mzaliwa wa Handeni. Aliomba jina lake nisiliandike. Wateja wake humwita Mtafsiri, na linatosha. Husimama kando ya televisheni, mgongo ukutani, na kila picha yenye maneno inapoanza, hushusha mkono kama anayeomba utulivu, kisha anasema.

"Nimekulia Chanika, hukohuko Handeni," aliniambia. "Mikanda yote tuliyoangalia ilikuwa na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Mchina anasema nini hatukujua, tulijua Lufufu anasema nini. Sasa hawa wadogo zangu wanacheza gemu lenye maneno mengi kuliko mkanda wowote, halafu wanabonyeza maneno yapite. Wanakimbilia bunduki. Nikaona wanapoteza kitu walichokilipia."

Ndipo akaweka sheria. Mchezaji mgeni kibandani kwake haanzi barabarani. Anaanza uwanja wa ndege, na haruhusiwi kubonyeza kitufe cha kurukisha maneno hadi afike makaburini. Na chiti, zile namba za vitufe ambazo watoto wameziandika nyuma ya madaftari ya hisabati na wanazikariri kama dua, R1, R2, L1, hazifunguliwi kabla ya hapo. "Huwezi kwenda kuiba gari la mtu wakati mama hujamzika," alisema, na hakuwa anatania.

Kwa hiyo nilikaa benchi la nyuma nikauhudhuria msiba huo mwanzo hadi mwisho. CJ, yule kijana wa uwanja wa ndege, anapanda teksi. Polisi wanaisimamisha, mkubwa wao Tenpenny, na pesa alizobeba wanazichukua. Katika Kiingereza cha gemu, hizo ni pesa tu. Mtafsiri alivuta pumzi: "Afande hana kesi na huyu kijana. Afande amechukua rambirambi." Benchi zima liliguna. Sijawahi kusikia neno moja likibeba hadithi namna ile. Los Santos ilikuwa imehamia mtaa wa nyuma yetu, kwenye turubai na viti vya kukodi na daftari la michango.

Polisi wanamtupa CJ katika mtaa wa maadui. Na chombo cha kwanza ambacho steringi huyu wa magari ya wizi anakipata ni baiskeli. Mtoto aliyeshika padi alipedali taratibu hadi Mtaa wa Grove, nyumbani kwao CJ, na Mtafsiri akamwacha apedali bila kusema neno. Makaburini, kaka mtu anamlaumu CJ kwa miaka mitano ya kutoonekana. "Ulikuwa wapi?" alitafsiri, akarudia kwa sauti ya chini, "Ulikuwa wapi?" Mimi mwenyewe nina kaburi nililolifikia limekwisha kufukiwa. Nilitazama sakafu.

Kuna jambo jingine alilonionyesha ambalo nimeshindwa kuliacha. Gemu hili mwanzoni huwezi kulihifadhi popote upendapo. Uwe umeshinda au umeponea chupuchupu, lazima urudi nyumba ya mama, uingie ndani, ukanyage alama inayozunguka sakafuni. Ndipo memori kadi inapokea. Umeme ukikatika ukiwa bado barabarani, kazi yako yote imekwenda. "Ndiyo maana nawaambia rudini nyumbani mapema," alisema Mtafsiri. "Mtaani hakuna kinachobaki."

Si kwamba anafundisha maadili muda wote. Katika misheni ya treni, CJ anaendesha pikipiki, rafiki yake Big Smoke yuko nyuma na bunduki, maadui wako juu ya mabehewa. Mtafsiri hupiga kelele: "Treni ya Arusha hiyo! Imeshapita Mombo, ikiingia Korogwe tumekosa!" Watoto hao wanaijua reli ya kweli inayopita mjini kwao, na bodaboda wanazijua zaidi. Walisimama juu ya mabenchi.

Baadaye mtoto mwingine alishika padi, mwenye msiba wake tayari kwenye kadi. Alipanda gari barazani, akawagonga watu watatu, akashuka akampiga wa nne. Mtafsiri alikaa kimya. Nikamuuliza: na hao?

Alifikiri. "Hao hawakuandikiwa hadithi, dada. Wanapiga kelele tu. Nitawatafsiria nini?"

Jibu hilo lilipanda nami basi la jioni. 

Wiki iliyofuata nilimfuata Handeni. Siku ya gulio hupakia PlayStation yake kwenye begi la shule, hupanda gari la Noah, na hufungua banda katika chumba cha ndugu yake. Wateja ni watoto waliofuatana na wazazi kuuza mahindi na mbuzi. Wengi hawajawahi kushika padi. Msiba ulitangazwa upya, rambirambi ikachukuliwa, baiskeli ikafika Grove. Kisha mvulana wa miaka kama kumi, aliyesubiri zamu yake tangu asubuhi, akatoka na gari na kumgonga mwanamke aliyekuwa anavuka.

Hakuendelea. Aliliacha gari likinguruma, akageuka.

"Anko, na huyu nani atamzika?"

"Subiri, gari la wagonjwa litakuja," alisema Mtafsiri.

Lilikuja kweli, likipiga king'ora. Wahudumu wawili walishuka, wakamwinamia. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama Mtafsiri, mkono wake umeshuka kama anayeomba utulivu. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.