Kori nane za kwenye boksi

Wateja wa vishikwambi Pito na Sumbawanga mjini, mkoani Rukwa, huuliza RAM, storeji, kisha kama prosesa ni ya kori nane. Kori za aina gani, haulizi mtu, na hapo ndipo hela inapopotelea. Nane za Cortex-A53, muundo wa 2012, huzidiwa mbali na mbili za A75 zikichanganywa na sita za A55, japo boksi zote zimeandikwa nane. Dukani tofauti haionekani. Mwalimu akifungua kitabu cha PDF chenye picha huku WhatsApp inapakua video, kishikwambi cha A53 kinaganda.

Mfanyabiashara mmoja anayefuata mzigo Kariakoo analalamika kwamba mwingine ni uongo mtupu: boksi linasema kori 10 na RAM ya GB 8, programu ya kukagua prosesa inasoma kori nne na GB 2. Muuzaji wa jumla hapokei boksi lililofunguliwa, mteja naye anadai chake, hasara inabaki kwa mfanyabiashara. Siku hizi, anasema, hufungua kimoja katika kila katoni. Vikiwa feki huviuza kama vya watoto kuchezea gemu. Mteja wa hivyo hakumtaja.

Afadhali wanaouliza kinakaa na chaji saa ngapi. Rukwa imetegemea umeme wa Zambia na jenereta kwa miaka mingi, na prosesa ya nanomita 28 hula chaji kuliko ya 12. Bila kujua, hao wameuliza habari za prosesa.

Kwenye kodi, mfanyabiashara huyo na ofisa mmoja hawaelewani. Bajeti ya 2021/22 ilisamehe VAT kwa vishikwambi, iliyofuata ikafuta msamaha. Ofisa anadai bei hazikushuka. Mfanyabiashara wetu anajibu kwamba mwaka mmoja haukutosha hata kumaliza mzigo wa zamani. Ofisa huyo hutaja vishikwambi 205,000 vya Sensa ya 2022, ambavyo baadaye walipewa walimu, kuonyesha soko limekua. Huenda. Ila hiyo ni hesabu ya vilivyonunuliwa, si ya vinavyowaka hadi leo, na mwalimu aliyepewa cha bure hakupita dukani.

Mauzo yanatarajiwa kuchangamka mahindi yakiuzwa, bei ikiwa nzuri. Baadhi ya wauzaji wanahamia mitumba ya Dubai: prosesa ina nguvu, lakini betri imechoka na Android haipati tena masasisho. Waranti ni ya kupimia hapohapo kaunta.