USINGIZI NA MARADHI YA MATUMBO

Wasikilizaji, leo nataka kusema nanyi habari za mtu mwenye maradhi ya matumbo ya siku nyingi, naye hapati usingizi. Sisemi habari za tumbo la kuendesha la siku mbili tatu, bali za uvimbe wa matumbo ukaao miaka, kama ule uitwao ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Daktari Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake wa New York aliueleza mwaka 1932.

Mtu huyu huamshwa usiku na msokoto wa tumbo. Huenda chooni, hurudi, akalala macho wazi akilisikiliza tumbo lake. Kesho yake amechoka, basi hulala mchana, au hupanda kitandani mapema, na usiku usingizi haumjii. Hata maumivu yakipungua, kukesha hakuondoki. Kwa nini? Kwa sababu kitanda kimekuwa mahali pa wasiwasi. Mwili umejifunza kukesha. Na uliyojifunza waweza kuyaacha.

Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya mazoea. Mwaka 1972 Richard Bootzin wa Marekani alitoa kanuni zake za kwanza. Usilale mpaka usinzie. Kitanda kisiwe mahali pa kula wala pa kuhesabu shida. Usingizi usipokuja kwa kadiri ya dakika 20, ondoka, kaa kimya mahali pengine, urudi unaposinzia. Amka saa ile ile kila siku, wala usilale mchana.

Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walieleza njia ya kupunguza saa za kitandani. Tuseme mtu hulala kitandani saa 9, lakini usingizi wake ni saa 6 tu. Na aingie kitandani saa 5 usiku, aamke saa 11 alfajiri. Usingizi ukishajaa saa hizo, huongezwa robo saa kila juma. Siku za kwanza ni nzito, kwa hiyo dereva na mwenye kifafa wasijaribu bila shauri la daktari.

Labda mtauliza, je, tumbo likiita usiku? Nenda chooni mara moja, usijizuie. Lakini ukirudi, usilale ukingojea maumivu mengine; fuata kanuni ile ile.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri tiba ya namna hii itangulie dawa za usingizi kwa watu wazima wasiolala kwa muda mrefu.

Lakini angalieni: tiba hii hutengeneza usingizi, haiponyi matumbo. Usiache dawa zako. Ukitumia prednisolone, muulize daktari kama yafaa kuinywa asubuhi, kwani hufukuza usingizi. Na ukiona damu chooni, au mwili ukikonda, nenda hospitali upesi. Hayo si mambo ya kungojea.

Kwaherini, nanyi mlale salama.