Shitingi haibebi maji

Ndugu wanamemba, kiangazi kinakaribia, na wengi wenu mnatuuliza namna ya kutengeneza birika ya maji kwa shitingi. Tuanze na kosa letu wenyewe.

Ilikuwa eneo la Nyiragongo, kaskazini mwa Goma. Kule kuchimba ni kazi bure: chini ni mawe ya volkano, na mvua ikinyesha maji yanazama mara moja. Basi pamoja na wamama wa chama kimoja cha mboga tukajenga birika juu ya ardhi, ya kupokea maji ya mabati ya depo yao. Tulivuta shitingi ikakaza kama ngozi ya ngoma, tukaipigilia misumari. Birika ilipojaa, usiku pembe moja ikapasuka. Asubuhi maji yote yalikuwa yamekwenda, na miche ya vitunguu ikakauka.

Tulijifunza neno moja: shitingi haibebi maji. Inazuia tu yasivuje. Ardhi na ukuta njo vinabeba.

Hesabu ni hii. Shitingi ya metre 4 kwa 6 inatoa birika yenye sakafu ya metre 2 kwa 4 na ukuta wa sentimetre 80. Sentimetre 20 zinabaki kila upande za kukunja juu ya ukuta. Maji yakifika sentimetre 70, ni litre 5.600, ni kusema bidoni 280. Uzito wake ni kilo 5.600! Kwa hiyo:

1. Sawazisheni kiwanja. Ondoeni kila jiwe na kila mzizi, kisha mwageni udongo uliochekechwa, sentimetre 5, mushindilie. Mchanga wa volkano una makali, musiutumie.

2. Pangeni ukuta kwa magunia ya udongo, safu juu ya safu, kama matofali. Kwa inje egemezeni udongo mwingi. Ndani pakeni matope mpaka iwe laini.

3. Pale ukuta unapokutana na sakafu, wekeni tuta dogo la udongo kuzunguka pande zote. Bila hilo, shitingi inabaki hewani kwenye kona, na uzito unaipasua pale pale. Hiyo ndiyo ilikuwa kosa letu la kwanza.

4. Tandazeni shitingi mchana wa jua, wakati imelainika. Vueni viatu. Iacheni ilegee, pembe zikunjwe, zisikatwe.

5. Mimineni kwanza bidoni 40, yaani kimo cha sentimetre 10. Nyoosheni mikunjo kwa mikono. Maji yenyewe yataivuta ikae.

6. Ndipo kunjeni ukingo juu ya ukuta na kuukandamiza kwa magunia. Hakuna msumari. Magunia hayo yanaukinga ukingo na jua pia, maana jua linaharibu plastiki.

Ikifika nusu, ngojeni usiku mmoja. Asubuhi angalieni alama ya maji na ukuta wa inje, kama hauna ubichi wala haujavimba.

Zungusheni uzio, kwa sababu mtoto anaweza kuzama hata katika maji mafupi. Funikeni juu, mbu wasizae na maji yasipotee kwa jua. Maji haya ni ya kumwagilia, si ya kunywa.

Wamama wale walijenga tena pamoja nasi, shitingi ikiwa imelegea. Safari hii vitunguu vilifika sokoni.