Kanga na Daftari: Stringi na Orodha kwa Anayeanza Kuandika Programu

Katika lugha ya Python, stringi ni herufi zilizofuatana ndani ya alama za nukuu. "Sukari" ni stringi, na hata "250" ni stringi maadamu imefungwa kwa nukuu, japo kwa macho ni namba. Orodha ni vitu vilivyopangwa ndani ya mabano ya mraba na kutenganishwa kwa mkato. Tangu Mholanzi Guido van Rossum alipoitoa lugha hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, imewafundisha wengi hatua za mwanzo. Stringi na orodha hufanana mno ndani yake, hata anayeanza hudhani ni pacha. Ni ndugu kweli, ila tabia hazilingani.

Mwandishi wa Kiswahili hupata mtihani wake wa kwanza kwenye nukuu zenyewe. Python hukubali nukuu moja au mbili, mradi inayofungua ndiyo ifunge. Sasa mtu aandike hivi:

mnyama = 'ng'ombe'

Programu inagoma. Alama iliyo katikati ya g na o imehesabiwa kuwa nukuu ya kufunga, kwa hiyo stringi imekwisha kwenye "ng" na "ombe" limebaki nje likielea. Dawa ni kutumia nukuu mbili: "ng'ombe". Hapo len("ng'ombe"), yaani urefu wa stringi, italeta 7, kwa sababu kompyuta huhesabu alama zilizoandikwa. Kwamba ng' ni sauti moja kinywani mwa msemaji, hilo haliihusu.

Nafasi ndani ya stringi na ndani ya orodha huhesabiwa kwa mtindo mmoja, kuanzia sifuri. Wengi huona ni ukaidi wa watu wa kompyuta. Lakini aliyewahi kupanda ghorofa Dar es Salaam au Mombasa anaujua mtindo huo: ghorofa ya kwanza si ile unayoingilia kutoka barabarani, ni ile iliyo juu yake. Namba inaeleza umepanda ngazi ngapi kutoka chini. Vivyo hivyo, ikiwa neno = "sukari", basi neno[0] ni "s", yaani hujasogea hata hatua moja, na neno[2] ni "k". Namba hasi huhesabu kutoka mwisho, hivyo neno[-1] ni "i". Kipande hukatwa kwa nukta pacha: neno[0:3] huleta "suk", kwa kuwa kipande huishia kabla ya nafasi ya 3.

Mfanano wa maana unaishia hapo. Stringi ikishaundwa haibadiliki. Ni kama jina la kanga: likishachapishwa, hakuna anayefuta herufi moja na kuweka nyingine, bali anayetaka maneno mengine hutafuta kanga nyingine. Ukijaribu neno[0] = "b", Python itakukatalia kwa kosa liitwalo TypeError. Orodha ni daftari la kijumbe wa upatu. Majina huongezwa, hukatwa na kubadilishana zamu, na daftari ni lilelile:

zamu = ["Neema", "Asha", "Juma"]
zamu.append("Omari")
zamu[0] = "Zuhura"

Tofauti hiyo moja huzaa makosa mawili yanayotazamana kama mtu na kioo. La kwanza ni kuandika neno.upper() na kungoja neno ligeuke herufi kubwa. Haligeuki. Amri imetoa stringi mpya, "SUKARI", na kwa kuwa hakuna aliyeipokea imepotea. Ilipaswa kuwa neno = neno.upper(). Aliyeumwa hapo huwa mwangalifu kupita kiasi, akaandika zamu = zamu.sort(), na majina yote yakayeyuka. Amri ya sort hupanga daftari lenyewe, kisha hurudisha None, yaani si kitu, na hicho si kitu ndicho kilichowekwa mahali pa orodha. Ilitosha kuandika zamu.sort() peke yake. Na hata hapo, jina lililoanza kwa herufi ndogo, tuseme "asha", litapangwa nyuma ya "Zuhura", kwani herufi kubwa hutangulia zote.

Mtego mwingine ni nakala isiyo nakala. Ukiandika akiba = zamu, hujapata daftari la pili. Umelipa daftari lilelile jina la pili, na jina litakalofutwa kwenye zamu litakuwa limefutwa kwenye akiba pia. Nakala halisi hutolewa kwa akiba = zamu.copy().

Kazi nyingi za kila siku huhitaji kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Amri ya split huikata stringi penye nafasi tupu na kuleta orodha ya maneno, na join huyaunganisha tena:

methali = "Haraka haraka haina baraka"
maneno = methali.split()

Sasa hesabu. methali.count("raka") huleta 3, kwa sababu stringi hupekuliwa herufi kwa herufi, na "raka" imo ndani ya haraka mara mbili na ndani ya baraka mara moja. maneno.count("raka") huleta 0, kwani orodha hutazama kitu kizima, na hakuna neno zima "raka". Nayo maneno.count("haraka") huleta 1 tu, si 2. Neno la kwanza lina H kubwa, na kwa kompyuta hilo ni neno jingine. Ndiyo maana watu huanza kwa kugeuza zote kuwa herufi ndogo: methali.lower().split().

Kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulirudia, nalo ni kufuta vitu kwenye orodha huku ukiipitia kwa kitanzi cha for:

majina = ["Asha", "Juma", "Neema", "Omari"]
for m in majina:
    majina.remove(m)

Mtu angetegemea orodha ibaki tupu, kumbe Juma na Omari bado wapo. Asha alipoondoka, Juma alisogea kwenye nafasi ya 0, na kitanzi kilikuwa kimeshahamia nafasi ya 1, alikokuwa Neema. Juma akarukwa. Neema naye alipotoka, Omari akasogea nyuma, na kitanzi hakikukuta mtu mbele yake. Suluhisho ni kupitia nakala na kufuta kwenye asili: for m in majina.copy().